Kikundi chetu kinaombwa hela za marina (maegesho ya boti) mbele ya kiwanda cha zamani. Tope lake linapelekwa wapi?

MhaziniKiboriloni (Moshi), Jumanne saa 3 usiku

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za jioni.

Naomba msaada kwa watu wanaojua kazi za bahari, maana sisi wa huku mlimani tunachojua ni mifereji. Mimi ni mhazini wa kikundi cha akiba na mikopo. Tuko 22, wengi tunauza mitumba Kiboriloni, wachache wana migomba na kahawa kidogo Old Moshi. Tumeweka akiba miaka 9, hela imefika milioni 41, na mwaka huu tulikubaliana tutafute kitu cha kudumu kuliko kuendelea kukopeshana wenyewe kwa wenyewe.

Mtoto wa marehemu mdogo wangu anafanya kazi na kampuni moja huko pwani. Kampuni siitaji wala mji siutaji, sikuja hapa kumharibia mtu jina. Wamepata eneo la kiwanda kilichofungwa miaka ya 1990. Liko ufukweni kabisa, maji yakijaa yanapiga ukuta wa nyuma. Wanataka kuchimba tope lililojaa mbele ya ukuta huo mpaka kina kifike mita 4, kisha wajenge marina ya boti 80, migahawa na nyumba za kupangisha. Vikundi vinakaribishwa kununua hisa kuanzia milioni 20. Makabrasha yao yana picha nzuri, boti nyeupe, watu wamekaa chini ya miamvuli. Tope limetajwa kwenye ukurasa mmoja, mistari mitatu.

Sikuridhika, nikapanda basi nikaenda kuona.

Nilikuta maji yamekupwa. Mlinzi, mzee mmoja mwema sana, alinipitisha kwenye pengo la ukuta. Kitu cha kwanza kuona ni bomba la chuma linalotokea chini ya ukuta, upana wake kama beseni la kufulia, mdomoni limeota chaza. Linatoa maji. Kiwanda kimefungwa zaidi ya miaka 25 na bomba bado linatoa maji, si mengi, kama koki ya jikoni iliyofunguliwa nusu, yana povu la kijivu. Nikamuuliza mzee yanatoka wapi. Akasema hajui, ameyakuta.

Nikaokota ubao nikauchomeka kwenye tope. Juu palikuwa na udongo wa kahawia, unene wa kidole kimoja, kama ule unaobaki chini ya ndoo ya maji ya mvua. Chini yake tope jeusi tii, laini kama siagi iliyokaa juani. Ubao ulizama mpaka mkono wangu ukaingia hadi kiwiko, na bado haukugonga kitu. Nilipouchomoa, tundu likajaa maji polepole, na juu ya yale maji zikatanda rangi kama za mafuta yaliyomwagika barabarani. Harufu yake ni dizeli na yai viza kwa pamoja. Hatua kama 50 kutoka pale watoto watatu walikuwa wanachimbua chambo, mikono imezama mpaka mabegani.

Raba zangu nilizifunga kwa magazeti manne nikazitia kapuni. Tulipofika Mombo, abiria niliyekaa naye aliniomba kwa adabu nizipeleke kwenye buti ya basi.

Kabla ya kuondoka nilimuuliza mwanangu (mtoto wa mdogo wangu ni mwanangu): hili tope mkishalichimba mnalipeleka wapi? Akanijibu, "Mama mkubwa, hilo ni la wataalamu, linatolewa tu." Ni kijana mzuri. Sidhani ananidanganya, nadhani naye hajui. Lakini hilo neno "linatolewa tu" limeninyima usingizi kwa sababu ya jambo nililoliona utotoni.

Kwetu mfongo, yaani mfereji wa maji, ulikuwa unasafishwa kila mwaka kabla ya masika, kila ukoo na kipande chake. Babu yangu alikuwa anapita na fimbo kukagua, na hakuwa anaangalia mfongo. Alikuwa anaangalia tope mlilotoa mmeliweka wapi. Likiwekwa ukingo wa juu, mnarudia wote kulihamishia ukingo wa chini, hata kama jua limezama. Mwaka mmoja watu wa kipande cha juu yetu walimpuuza. Mvua ya siku mbili ikalirudisha lote ndani, maji yakapasua ukingo yakaingia kwenye migomba ya mama yangu. Walitozwa madebe mawili ya mbege na kazi wakairudia. Na ule ulikuwa udongo mtupu, hauna sumu.

Mkutano wetu ni Jumapili, siyo hii, ile nyingine. Naomba mnisaidie: tope la namna ile linatolewaje bila kuchafua bahari yote? Likishatoka linalazwa wapi? Kuna mahali watu wamewahi kufanya hivi, wakaweka boti, na mambo yakaenda sawa? Wenzangu wananisubiri mimi niseme ndiyo au hapana, na humo ndani kuna hela za wajane wanne.

FundiPampu_Pasua (Moshi), Jumanne saa 5 usiku

Shikamoo mama. Niko Pasua, natengeneza pampu za visima na za umwagiliaji, lakini kabla ya hapo nilifanya miaka 11 kwenye meli za kuchimba kina, nyingi Ghuba ya Uajemi na Afrika Magharibi. Nitakujibu kwa yale niliyoyashika.

Kuna kuchimba ili meli ipite, kama walivyofanya bandari ya Tanga, njia ya meli ikatoka kina cha mita 3 ikafika 13. Kwenye kazi ya hivyo mkandarasi analipwa kwa mita za ujazo anazotoa, kwa hiyo anakimbia. Kuchimba ili kuondoa sumu ni kazi nyingine kabisa, ni ya polepole, na unapima kilichobaki chini. Chombo kinaweza kuwa kile kile. Ila mtu akipewa kazi hii ya pili kwa mkataba wa ile ya kwanza, ameshaharibu kabla hajaanza. Ndiyo maana swali langu la mwanzo kwa hao jamaa lingekuwa: mkandarasi wenu analipwa kwa kipimo gani?

Iko mashine yenye kichwa cha meno kinachozunguka, na pampu inanyonya nyuma yake. Inakwenda haraka, tope linasafiri kwenye bomba mpaka nchi kavu, ila sehemu kubwa ya kinachopita mle ni maji, ni uji mwepesi. Kwa hiyo utahitaji mabwawa makubwa ya kuutuliza, na maji yakijitenga lazima yasafishwe kabla ya kurudi baharini kwa sababu nayo yamebeba sumu. Wengine wanausukuma ule uji kwenye magunia ya kitambaa maalumu, marefu kuliko basi, maji yanavuja tope linabaki. Nimeyafanyia kazi, ni mazuri, lakini yanataka uwanja mkubwa. Njia nyingine ni koleo la winchi linaloshuka wazi na kufumba kama kiganja. Kwa tope la sumu linatumika lile linalofumba kabisa, lenye mipira kwenye kingo. Maji yanakuwa kidogo, kazi inakuwa ndefu.

Kote huko unazungushia pazia, kitambaa kizito chenye maboya juu na mnyororo chini. Wanaouza miradi wanapenda kulitaja. Maji yakitulia linasaidia kweli. Mkondo ukipata nguvu linanyanyuka kama kanga kwenye upepo na tope linapita chini yake. Pwani yetu maji ya bamvua, zile siku yanapojaa na kupwa sana, yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3, kwa hiyo mtu makini anachimba siku za maji mafu, mkondo ukiwa mdogo, na anasimama bamvua. Waulize wamepanga kusimama siku ngapi kwa mwezi.

Nikupe kisa. Kwenye bandari moja nilipewa kazi ya sahani. Ni sahani nyeupe imefungwa kwenye kamba yenye alama, unaishusha majini mpaka isionekane, unasoma kamba. Asubuhi kabla ya kuanza nilikuwa naiona mpaka mita 2 na kidogo. Saa moja baada ya koleo kuanza ikawa inapotea kwenye nusu mita, na hapo niko nje ya pazia. Utaratibu ulisema tusimame. Msimamizi akaniambia niandike namba ya asubuhi. Niliandika ya wakati ule, na wiki iliyofuata nikahamishiwa kusugua sitaha. Tangu siku hiyo siamini pazia ambalo anayelipima analipwa na anayechimba. Mama, hakikisheni mpimaji analipwa na mtu mwingine.

Hata ukichimba vizuri tope haliishi. Koleo likinyanyuka linaacha utando unaotua tena, na huo ndio ule laini unaoshika sumu nyingi. Kazi ikiisha wanamwaga tabaka la mchanga safi juu yake. Tazama kama huo mchanga umo kwenye bajeti.

Sasa kulilaza. Mfano ulioniingia zaidi, kwa kuwa unahusu boti hasa, ni wa Waukegan, mji wa Marekani kando ya Ziwa Michigan. Palikuwa na kiwanda cha Outboard Marine Corporation, waliokuwa wanatengeneza injini za Johnson, hizi ambazo wavuvi wetu wa zamani wanazijua. Mashine zao za kusubu alumini zilitumia mafuta yenye PCB, sumu isiyooza, na mafuta yakawa yanapita kwenye mifereji ya sakafuni mpaka bandarini, miaka ya 1960 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Miaka ya mwanzo ya 1990 wakafanya hivi: hori moja (mkono mwembamba wa maji unaoingia nchi kavu) lililokuwa likitumiwa na karakana ya boti walilifunga kwa ukuta, likawa sanduku, wakalaza tope humo na kulifunika. Lile lenye sumu kali zaidi lilipashwa moto kwanza ili kuitoa. Halafu wakachimba hori jipya mahali pengine na karakana ikahamia huko. Boti zilipewa nafasi yao na tope likapewa yake, na kila mtu anajua liko wapi.

Lakini Desemba 2000 ile kampuni ikafilisika. Tope lililobaki bandarini bado lilikuwa na PCB, na mwaka 2012 na 2013 ikabidi kuchimba tena, safari hii kwa hela za umma. Kwa hiyo msiulize tu sanduku liko wapi. Ulizeni nani ataliangalia hao jamaa wakishauza nyumba na kuondoka.

Bomba uliloliona lingetangulia haya yote, nimelichelewesha tu. Ukichimba kabla ya kujua lile bomba linatoka wapi na kulikata, baada ya miaka michache tope jeusi litakuwa limerudi. Na hata bomba likikatwa, marina itajaa, kwa sababu imejengwa ili maji yatulie, na maji yakitulia tope laini linashuka. Mtachimba tena kila baada ya miaka kadhaa, na tope hilo litakuwa na shaba inayotoka kwenye rangi za chini ya boti, pamoja na mafuta ya injini. Kama hesabu zao za faida hazina hiyo gharama, basi hizo hesabu ni za mwaka wa kwanza tu.

Mwalimu_Maabara (Arusha), Jumatano saa 1 asubuhi

Mama, habari za Moshi. Nafundisha kemia hapa Arusha, naishi Sakina. Fundi ameeleza vizuri sana, mimi naongeza upande wa vipimo.

Harufu ya yai viza peke yake isikutishe. Tope lolote la mikokoni lisilopata hewa linanuka hivyo. Kigeni pale ni ile dizeli na zile rangi. Lakini salfa inayonuka ina hatari yake ya pembeni. Tope jeusi la baharini likianikwa, hewa inaigeuza salfa iliyomo kuwa asidi, na asidi inazifungua metali zilizokuwa zimeshikwa. Mtu akikwambia "tutalianika, likikauka tujazie viwanja", mwambie akuoneshe kipimo cha asidi.

Macho nayo hayatoshi, na sisi wa Arusha tunalijua hilo kuliko wengi. Maji ya chemchemi zetu ni maangavu, na bado floridi imewapaka watoto wetu meno ya kahawia.

Sampuli ichukuliwe kwa mrija unaozamishwa mpaka ugonge udongo wa asili, kisha kilichomo kikatwe vipande vya sentimita 20 au 30 na kila kipande kipimwe peke yake. Tope limejipanga kwa miaka. La juu ni la juzi, la chini ni la wakati kiwanda kinachemka. Ule udongo wa kahawia wa kidole kimoja uliouona ni wa karibuni. Mtu akichota hapo tu atapata namba nzuri, tena hatakuwa amesema uongo. Wapime risasi, zebaki, kromu, kadimi, shaba na mafuta. Kama kiwanda kilikuwa na transfoma zake, wapime PCB. Kama palikuwa panatengenezwa meli, wapime ile rangi ya zamani yenye bati, TBT, iliyopigwa marufuku kwa mkataba wa kimataifa ulioanza kutumika 2008. Mkemia Mkuu wa Serikali ana ofisi ya kanda hapa Arusha, wanaweza kuwaelekeza.

Umeuliza kama kuna mahali palifanikiwa. Nakupa Minamata, Japani, japo neno kufanikiwa nalisema kwa uzito. Kiwanda cha Chisso kilimwaga zebaki kwenye ghuba, watu wakala samaki, ugonjwa ukatambuliwa rasmi 1956, na kumwaga hakukukoma mpaka 1968. Kati ya 1977 na 1990 walichimba tope lenye zebaki, wakalifungia nyuma ya kuta za chuma, wakalifunika kwa udongo safi. Ikapatikana nchi kavu mpya ya hekta 58, na leo ni bustani. Zebaki haikuhama. Iko pale chini ya nyasi, na chuma baharini kinaliwa na kutu, kwa hiyo lazima awepo mtu wa kukagua kuta hizo kizazi baada ya kizazi.

Na kwa gharama, tazama bandari ya Hamilton, Kanada, kwenye tope la viwanda vya chuma na makaa. Walijenga sanduku la kuta mbili za chuma lenye ukubwa wa hekta 6.2, kama ekari 15, kwa ajili ya mita za ujazo 695,000, na bajeti ilikuwa karibu dola za Kanada milioni 139. Wa kwenu ni mdogo sana ukilinganisha, lakini kazi ni ile ile, na haitoshi kuandikwa kwa mistari mitatu.

MtotoWaMvuvi, Jumatano saa 8 mchana

Nimewasoma wote na ninawaheshimu. Mimi ni wa pwani, marehemu baba alikuwa na ngalawa, na mbele ya mtaa wetu kuna ufuko wa aina hiyo hiyo. Mama, naona mnaelekea kwenye jibu la "hapana, tusiingize hela". Ni haki yenu. Lakini ninyi mkishasema hapana mnarudi Moshi na milioni zenu, sisi tunabaki na tope.

Kuliacha nako ni uamuzi. Kila bamvua, kila boti inayopita, linatibuliwa kidogo. Kaa wetu wanaishi humo. Baba alikuwa hatuachi tuvue pale, na alikuwa hawezi kueleza kwa nini, alisema tu samaki wa pale wana ladha ya taa ya kandili. Mtu akija na hela na mashine, hata kama anafuata faida, kwetu ni mara ya kwanza mtu kuja.

Ombi langu, wawekeeni masharti badala ya kuwafungia mlango. Neno la kikundi chenye hela wanaweza kulisikiliza. Letu hawajawahi kulisikiliza. Na wale watoto watatu wa chambo, tafadhali mtu aseme nao.

Njiro_Sheria (Arusha), Jumatano saa 2 usiku

Kwa kifupi, mama. Omba nakala ya cheti cha Tathmini ya Athari kwa Mazingira, na ripoti yenyewe, usiridhike na barua inayosema "mchakato unaendelea". NEMC, wasimamizi wa mazingira wa serikali, wana ofisi ya kanda hapa Arusha, nenda ukaulize huo mradi unajulikana. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inalinda mita 60 kutoka ukingo wa bahari, sasa waulize nyumba zao zinaanzia mita ya ngapi. Uliza pia hati yao inaishia wapi, kwenye ukuta au inaingia kwenye tope. Kama tope si lao, mnanunua hisa za kitu gani?

Na kwa kile alichosema fundi kuhusu kampuni kufilisika, hela ya kutunza sanduku iwekwe kwenye akaunti ya pekee kabla koleo la kwanza halijashuka. Ikibaki kuwa ahadi ndani ya mkataba, itazikwa pamoja na kampuni.

MhaziniKiboriloni (Moshi), Jumatatu, siku 13 baadaye

Asanteni sana wote. Fundi, nilikuja Pasua Jumamosi nikakuta umekwenda Mabogini, nitarudi.

Niliwaandikia barua ya maswali sita, nikamtumia mwanangu, naye akaipeleka mwenyewe kwa wakubwa zake. Nilidhani atachukia. Alinipigia usiku akasema, "Mama mkubwa, haya maswali hata mimi nilitakiwa niwe nimeyauliza."

Majibu yalikuja Alhamisi. Sampuli wamechukua moja, juu juu, karibu na pengo la ukuta. Mrija hawajazamisha. Mkandarasi analipwa kwa mita za ujazo. Tope litapelekwa kwenye shimo la machimbo ya chokaa, kilomita 4 kutoka pale, na hawakusema kama shimo litatandikwa kitu chochote. Nikampigia mwalimu wa watoto wangu wa sekondari, akaniambia chokaa ina nyufa na maji yanapita, na jirani na shimo kuna visima. Bomba linatoka mtaa wa juu, hawajui ni la nani. Kuhusu kuchimba tena baada ya miaka walisema "itajulikana wakati huo". Cheti hakijatoka.

Jumapili tulikaa kwa saa nne. Niliwasomea majibu yenu yote, na la MtotoWaMvuvi nililisoma mara mbili kwa sababu mama mmoja mjane aliomba. Huyo mama ndiye aliyesema kwamba tukikataa tu tutakuwa kama wale waliorundika tope ukingo wa juu, tumelisogeza kwa wengine. Wazee wawili walitaka tuachane nalo kabisa. Mwisho tulipiga kura, 17 kwa 5, hatutoi hela sasa, ila tumewaandikia kwamba tutakaa nao tena wakizamisha mirija, wakikata bomba, na wakituonesha tope litalala wapi, mahali palipotandikwa, pamoja na akaunti ya kulitunza. Nakala tumepeleka NEMC Arusha. Nimeipeleka kwa mkono na nina muhuri wa kupokelewa.

Watoto wa chambo: mwanangu alikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, wakazunguka nyumba kwa nyumba. Wawili wameacha. Wa tatu anaishi na bibi yake na chambo ndicho kinachowapa hela ya unga, kwa hiyo mwanangu amemtafutia sehemu nyingine ya kuchimbulia, upande wa mikoko, mbali na ukuta. Amempigia picha akiwa huko akanitumia. MtotoWaMvuvi, kama unaujua ufuko ambao hauna shida hiyo karibu na kwenu niambie, nitawaunganisha.

Raba nimezifua mara tatu, nimezianika nje ya banda la kuku, na harufu bado ipo. Mwalimu, hizo namba za mirija zikija nitazileta hapa unisomee, maana mimi najua za daftari la hisa tu.